Sharti na Hiari: Historia Fupi ya Mchoro wa Kompyuta na Istilahi Zake

UTANGULIZI

Mfasiri apewapo kitabu cha kufundishia uchoraji wa vyombo na mashine kwa kompyuta, hafiki mbali kabla hajakutana na onyo linalorudiwa karibu katika kila sura: kwamba mchoraji asiuache mchoro wake ukiwa na mstari hata mmoja uwezao kusogea ovyo. Kiingereza hulieleza jambo hilo kwa neno "constraint", na mchoro wenyewe huuita "sketch". Maneno yote mawili yamo katika kamusi za kawaida, na tafsiri zake zimo pia. Lakini mfasiri akizifuata kamusi hizo bila ya kutazama zaidi, ataandika kwamba mchoro mzuri ni ule uliojaa vikwazo, au kwamba rasimu njema ni ile iliyozuiwa kabisa. Mwanafunzi asomaye maneno hayo atakuwa na haki ya kuuliza: kwa nini nijitafutie vikwazo katika kazi yangu mwenyewe?

Swali hilo si la mzaha. Istilahi mbaya haimpotezei mwanafunzi muda tu, bali humfundisha kulitazama jambo kwa upande usio wake. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tunakusudia kuieleza kwanza historia ya jambo lenyewe, kisha kuyapima maneno ya Kiswahili yanayoweza kulibeba. Tunaamini kwamba neno la kigeni peke yake halitoshi kutuongoza. Yatupasa kujua jambo hilo lilizaliwa kwa haja gani, na nani alimwekea nani hayo yaitwayo masharti.

LANGO LA MBAO NA HESABU YA MAXWELL

Chanzo cha jambo hili ni cha kale kuliko kompyuta. Kila fundi seremala ajua kwamba lango la mbao nne zilizounganishwa kwa misumari mmoja mmoja penye pembe halisimami imara. Ukilisukuma kidogo huinama, mraba ukawa msambamba. Fundi hapigi misumari zaidi, bali hupachika ubao wa tano wa mshazari, toka pembe moja hadi ya pili inayoikabili, na lango hutulia. Ndiyo hekima iliyomo katika kenchi za mapaa yetu: pembetatu haibadiliki umbo, na pembenne hubadilika.

Mwaka 1864 mwanafizikia wa Scotland, James Clerk Maxwell, aliiweka hekima hiyo katika hesabu. Kila nukta iliyo juu ya bapa yaweza kusogea kwa namna mbili: kwenda upande, na kwenda juu au chini. Nukta nne, basi, zina namna nane za kusogea. Kila ubao uunganishao nukta mbili huzipunguzia namna moja, kwa kuwa hudumisha umbali kati yake. Lakini namna tatu hazihusiani na umbo: lango zima laweza kubebwa kando, kuinuliwa, au kuzungushwa, na bado likawa lango lile lile. Kwa hiyo hesabu ya mbao zinazohitajika ni mara mbili ya nukta, ukitoa tatu. Kwa nukta nne jibu ni tano, yaani pande nne na mshazari mmoja. Fundi na mwanahisabati wamekubaliana.

Hata hivyo hesabu hiyo ina mtego. Tuchukue malango mawili yanayotumia nguzo moja ya kati. Nukta ni sita, na kwa kanuni ya Maxwell mbao zinazohitajika ni tisa: saba za pande na mbili za mshazari. Lakini fundi mzembe akizipachika mbao zote mbili za mshazari katika lango moja, hesabu itatimia, na lango la pili litaendelea kuyumba. Sehemu moja imezidishiwa, nyingine imepunjwa, na jumla haisemi lolote. Kanuni kamili, inayodai kwamba hata kila sehemu ichunguzwe peke yake, ilitolewa na Hilda Pollaczek-Geiringer mwaka 1927, na ikatolewa upya na Mholanzi Gerard Laman mwaka 1970. Yafaa mtego huu ukumbukwe, maana utarudi mbele.

KALAMU YA NURU

Mwezi Januari mwaka 1963, kijana aitwaye Ivan Sutherland alitoa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nchini Marekani. Aliielezea programu aliyoiita Sketchpad, iliyoendeshwa katika kompyuta ya TX-2 kwenye Maabara ya Lincoln. Mchoraji alikaa mbele ya kioo, akashika kalamu ya nuru kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akabonyeza vitufe vya kuiamuru mashine.

Jambo la kustaajabisha zaidi halikuwa kuchora kwa nuru. Mchoraji aliruhusiwa kuchora vibaya. Akitaka umbo la pande sita zilizo sawa, alichora pande sita za ovyo ovyo, akachora na duara, kisha akaiambia mashine mambo mawili: pembe zote ziwe juu ya duara hilo, na pande zote ziwe na urefu mmoja. Mashine ilizisogeza nukta mpaka maneno yake yakatimia, na umbo likanyoka mbele ya macho yake. Mashine ilijaribu kwanza kutafuta mpango wa kuzitengeneza nukta moja baada ya nyingine. Mpango huo usipopatikana, ilizisogeza zote kidogo kidogo, kila mara ikipunguza jumla ya makosa, hadi makosa yakawa hayaonekani.

Tunaomba msomaji aliangalie sana tukio hili, kwa kuwa ndipo neno letu lilipozaliwa katika fani hii. Si mashine iliyomwekea mtu mipaka. Ni mtu aliyeiwekea mashine. Aliyataja yale aliyoyakusudia, akaiachia mashine kazi ya kuyatimiza. Neno la Kiingereza lenyewe, ukilifuata hadi asili yake ya Kilatini, lina maana ya kufunga pamoja. Nalo neno la mchoro, likifuatwa kupitia Kitaliano hadi Kigiriki, latokana na kitu kilichofanywa papo kwa papo, bila ya matayarisho. Katika Sketchpad maneno hayo yalikutana mahali pake: kitu kilichochorwa kwa haraka kikafungwa pamoja na kusudi la mchoraji.

MCHORO USIOKUMBUKA NENO

Ingedhaniwa kwamba baada ya hapo kila kompyuta ingefuata njia hiyo. La hasha. TX-2 ilikuwa mashine kubwa ya utafiti, na kazi ya kuyatimiza masharti mengi kwa wakati mmoja ilikuwa nzito. Programu ya AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982 na kuenea haraka katika kompyuta ndogo, iliweka mistari kwa namba za mahali pake tu. Ilikuwa ubao wa kuchorea ulio mwepesi na safi. Mistari miwili iliyochorwa sambamba ilikuwa sambamba kwa bahati ya namba zake. Programu haikukumbuka kwamba iliambiwa iwe hivyo. Uwezo wa kukumbuka masharti uliingia katika programu hiyo mwaka 2009.

Wakati huo wote utafiti haukulala. Mwaka 1978, huko Cambridge nchini Uingereza, Robin Hillyard na Ian Braid walionyesha jinsi ya kujua kama vipimo vilivyoandikwa kwenye mchoro vinatosha, vimepungua au vimezidi. Walitumia mfano wa fremu za wahandisi, na hivyo lango la fundi seremala likarudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1982 Robert Light na David Gossard wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walieleza namna ya kubadili kipimo kimoja na kuifanya kompyuta itatue milinganyo na kulichora umbo upya.

Mageuzi ya sokoni yaliletwa na Samuel Geisberg, mwanahisabati aliyehamia Marekani kutoka Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1985 alianzisha Shirika la Parametric Technology, na mwaka 1988 programu yake ya Pro/ENGINEER ikaanza kuuzwa. Mchoraji alichora umbo bapa, akaliwekea vipimo, kisha akalivuta liwe gimba. Kipimo kikibadilishwa baadaye, gimba zima lilijengwa upya. Mwaka 1989 kampuni ya D-Cubed ilianzishwa Cambridge, na sehemu yake ya programu iliyohusika na kutatua masharti ya michoro bapa ikatumiwa ndani ya programu za makampuni mengine.

Hapo ikatokea tofauti ambayo walimu wengi wa leo hawaijui. Pro/ENGINEER ya miaka ya kwanza haikumruhusu mchoraji kuendelea mpaka mchoro wake uwe na vipimo vyote. Programu zilizofuata, kama SolidWorks ya mwaka 1995, zililegeza amri hiyo: mchoraji aliweza kujenga gimba juu ya mchoro usiokamilika. Kilichokuwa amri ya mashine kikawa adabu ya mchoraji. Ndiyo maana vitabu hukariri onyo tulilolitaja mwanzoni. Mashine imeacha kukataa, na mwalimu hana budi kusema.

HESABU YA MSTATILI MMOJA

Ili mjadala wa istilahi usielee hewani, tuuchukue mstatili wa milimita 80 kwa 50. Mchoraji achora vipande vinne vya mistari, kila kimoja na ncha mbili. Kila ncha yaweza kusogea kwa namna mbili. Jumla ni namna 16.

Kwanza aziunganisha ncha penye pembe nne. Kila muungano waondoa namna mbili, nane kwa jumla, zimebaki nane. Kisha asema kwamba mistari miwili ni ya mlalo na miwili ni ya wima. Kila neno laondoa namna moja, zimebaki nne. Aweka upana wa milimita 80 na urefu wa milimita 50, zimebaki mbili. Umbo limekwisha kamilika, lakini mstatili wote ungali waweza kuhamishwa. Mwishowe aitia pembe moja katika nukta ya mwanzo wa mihimili, na hakuna kilichobaki. Huo ndio mchoro uliokamilika.

Sasa akiongeza kwamba pande zinazokabiliana ni sambamba, amesema kweli, lakini amesema lililokwisha semwa. Akidai kwamba ulalo uwe na milimita 100, amejipinga mwenyewe, kwani ulalo wa mstatili huo ni milimita 94.34 hivi. Na hapa mtego wa malango mawili hurudi: katika mchoro mkubwa yawezekana sehemu moja imesemewa mara mbili na nyingine haikusemewa kabisa, hali jumla yaonyesha sifuri. Kwa hiyo programu haihesabu tu. Huchunguza pia kila sehemu. Tena hata mchoro uliokamilika waweza kuwa na majibu zaidi ya moja: pembetatu yenye pande tatu zilizopimwa yaweza kugeuzwa kama taswira katika kioo bila ya kuvunja neno lolote aliloambiwa.

Na ubaya wa kuacha upungufu ni nini? Tuseme ndani ya mstatili huo kuna tundu la parafujo ambalo mchoraji aliliweka kwa jicho, milimita 10 toka ukingo wa kulia, asilipe kipimo. Kioo chaonyesha mchoro ulio sahihi. Miezi sita baadaye mtu mwingine aubadili upana kutoka milimita 80 hadi 120. Ukingo wasogea. Tundu, lisilojua kwamba lilikusudiwa kuufuata ukingo, labaki nyuma au laenda kusikotarajiwa. Bamba lakatwa, lapelekwa kiwandani, na parafujo haipati mahali pake. Hakuna aliyechora vibaya. Kuna aliyeacha kusema.

KUTEUA NENO

Tukiwa na historia hii mkononi, twaweza kuyapima maneno. Tumeyakuta manne yanayostahili kufikiriwa.

Kikwazo chatokana na kukwaa. Ni kitu kimzuiacho mtu asifike aendako. Katika mchoro, jambo lenyewe humsaidia mchoraji kufika. Neno hili linasema kinyume cha maana.

Kizuizi kiko karibu zaidi, kwa kuwa kweli mistari huzuiwa isisogee. Lakini kizuizi ni kitu kilichowekwa na mwingine njiani. Hakielezi kusudi la aliyekiweka.

Kifungo kinafuata asili ya Kilatini kwa uaminifu, na kinapendeza kwa ufupi wake. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, Mswahili akisikia kifungo huwaza shati au jela. Pili, na hili ndilo zito, programu nyingi zina amri ya kuikaza mistari yote pale pale ilipo. Mchoro uliokazwa hivyo hauna namna ya kusogea hata moja. Kwa hesabu umekamilika, ila kwa maana ni bubu, kwa sababu hausemi tundu lilikusudiwa kufuata ukingo upi. Tukitumia neno kifungo, tutawafundisha wanafunzi kwamba kukaza kunatosha.

Limebaki neno sharti. Lilitujia kutoka Kiarabu, nasi tumelizoea katika mikataba, katika ndoa na katika biashara: ni neno asemalo mwenye kusudi, akitaka litimizwe. Methali yetu yasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na humo sharti halitenganiki na kile kinachotakwa. Ndivyo lilivyokuwa mbele ya kioo cha TX-2. Mchoraji alitaka pande sita zilizo sawa, akaweka sharti. Kwa hiyo twalipendekeza neno hili.

Hatufichi kwamba lina udhia wake. Waandishi wa programu za kompyuta hulitumia neno sharti kwa swali ambalo jibu lake laweza kuwa ndiyo au siyo, na sarufi yetu nayo ina hali yake ya masharti. Sharti la mchoro si swali, ni agizo la kudumu. Pale ambapo maana mbili zaweza kukutana katika ukurasa mmoja, yafaa kuandikwa kwa ukamilifu, sharti la mchoro.

Uamuzi huu watupa pia neno la upande wa pili. Zile namna za kusogea tulizozihesabu huitwa na baadhi ya waandishi digrii za uhuru, au nyuzi za uhuru. Katika fizikia huenda yakavumiliwa. Katika uchoraji yatapoteza watu, kwa kuwa digrii na nyuzi ni vipimo vya pembe, na mchoraji hupima pembe kila saa. Tulifikiria neno mwanya, likatushinda kwa sababu mwanya katika mchoro ni pale ncha mbili zilipokosa kukutana. Lakini Kiswahili kilikwisha kuweka kando ya sharti neno hiari. Kwa hiyo twapendekeza hiari ya mwendo, kwa ufupi hiari: nukta ina hiari mbili, duara lina hiari tatu, na kila sharti lenye jambo jipya hupunguza hiari.

Ama kuhusu mchoro wenyewe, rasimu haifai. Rasimu ni kitu kiandikwacho ili kisahihishwe, kisha nakala safi ikachukua mahali pake. Mchoro huu hautupwi. Hubaki chini ya gimba kama msingi chini ya nyumba, na ukiguswa nyumba yote hutikisika. Twapendekeza mchoro msingi.

Tunayakusanya mapendekezo hayo hapa chini:

(a) Sharti la umbo: lile lisemalo uhusiano, kama vile mlalo, wima, sambamba, usawa wa urefu, au kitovu kimoja.

(b) Sharti la kipimo: lile lisemalo urefu, umbali, pembe au nusukipenyo kwa namba.

(c) Mchoro wenye masharti kamili: usiobakiwa na hiari yoyote. Kinyume chake ni mchoro wenye masharti pungufu.

(d) Sharti la marudio: lisemalo lililokwisha semwa na mengine.

(e) Masharti yanayokinzana: yasiyoweza kutimizwa kwa pamoja.

(f) Kipimo rejea: kisomwacho tu kutoka katika mchoro, kisichoamuru kitu.

(g) Kitatuzi: sehemu ya programu ikokotoayo ili masharti yatimizwe.

Twawatahadharisha wafasiri wasiziite hali hizi kwa rangi zake. SolidWorks huonyesha mistari yenye hiari kwa buluu na iliyokamilika kwa nyeusi. FreeCAD hutumia nyeupe na kijani. Rangi ni ya programu, hali ni ya mchoro.

HITIMISHO

Tumeona kwamba jambo hili lilianza katika mbao na misumari, likapitia kwa wanahisabati, likaingia katika kompyuta kwa kalamu ya nuru, na mwishowe likawa adabu ambayo mwalimu hana budi kuifundisha kwa maneno. Maneno hayo yasipochaguliwa vema, mwanafunzi atakaza mistari ili apendezwe na rangi, wala hatajiuliza kila mstari unakusudiwa kufuata nini.

Mafundi wetu hawaanzii patupu. Mwashi atumiaye timazi huuwekea ukuta wake sharti la wima, na atumiaye pimamaji huuwekea sharti la mlalo, hata kama hajaligusa jedwali la istilahi. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu maneno haya mbele ya wanafunzi, na wafasiri wayajaribu katika maandishi yao. Neno litakalomkwaza msomaji lirudishwe mezani lipimwe tena. Neno litakalopita bila ya kuulizwa liachwe lifanye kazi yake.